Kihispania cha Kupigia Picha

"Picha hiyo ikifika huko kwao, itasema mimi nimesema nini?"

Swali hilo niliulizwa na Bibi Mwanaidi, mjane wa kijiji kimoja upande wa chini wa Magamba, nikiwa nimesimama katika tope la bonde lake na viatu vya mjini. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na lugha nne kichwani, na serikali ilikuwa inanilipa ili watu wasioelewana waelewane. Nikafanya kile anachofanya mkalimani akikwama: nikalipeleka swali kama lilivyo, kwa Kihispania, kwa mtu aliyeshika kamera.

Vijana wa ofisini, siku mliponiaga mliniomba niandike miaka yangu ya kazi ili iwasaidie. Vyeo vilichelewa na mishahara haikutosha, na hayo mnayajua bila kuandikiwa, kwa hiyo sitayagusa. Nitakaa zaidi kwenye safari moja ya Lushoto, kwa sababu karibu kila jambo mlilowahi kunisikia nikilibishania kwenye vikao lilianzia pale. Mkiona ninajisifu, vumilieni. Nimestaafu, na barua ya onyo haiwezi tena kunifikia.

Nilizaliwa Lushoto, baba yangu akiwa seremala na mzee wa kanisa. Bendera ilipopandishwa nilikuwa msichana wa shule. Mwalimu alipotuambia kwamba sasa tunajitawala, nilinyoosha mkono nikauliza kama basi fimbo nazo zinarudi zilikotoka. Nilifyeka nyasi za uwanja peke yangu mpaka viganja vikachubuka. Baba alipopata habari alisema, "Rehema, swali lako halina kosa. Kosa lako ni kuliuliza karibu na fimbo." Tabia sikuiacha. Chuo kikuu iliongezewa vitabu tu. Wenzangu walipoimba kwamba ardhi ni ya wote, mimi niliuliza wote ni akina nani, na ufunguo wa ghala atakaa nao nani. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe hata ukifika peponi utauliza nani kaipaka rangi." Sikuona ubaya wa kuuliza hilo pia.

Kihispania nilikipata bila kukitafuta. Zilitoka nafasi za masomo Kuba, mambo ya kilimo, na jina langu likawemo, mtu ambaye hata jembe la ng'ombe sikujua linashikwa wapi. Niliuliza kwa nini mimi, na kila ofisi ikanielekeza ofisi nyingine. Nikaenda. Kilimo hakikunishika sana, ila lugha ilinishika, maana wanawake tuliokaa nao bwenini hawakuwa na subira ya kumngoja mtu atafute neno. Ukichelewa, walikwisha kujibu kwa niaba yako. Niliporudi, ofisi moja pale Dar es Salaam ilikuwa inatafuta wakalimani wa wageni walioanza kuja: madaktari, mabwana shamba, mafundi wa maji. Wakanichukua.

Aliyenifundisha kazi ni Ndugu Method. Alikuwa mtu wa Bukoba, mnene, mpole, aliyesoma seminari hadi karibu na upadri kisha akaona afadhali aoe. Kihispania alifundishwa na padri mmoja mmisionari, akawa anakizungumza kama mtu anayesoma misa. Siku yangu ya kwanza aliniweka kati ya daktari mgeni na muuguzi mkuu. Daktari akaomba kitu, nami nikamgeukia muuguzi: "Anasema kwamba anahitaji..."

Method akanigusa bega. "Nani anasema?"

"Daktari."

"Na wewe ni nani?"

"Mkalimani."

"Basi wewe hupo hapa. Sema 'nahitaji'."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake ya kwanza. Nyingine aliitamka kama sala: usiongeze, usipunguze, usirembe. Mengine yalikuwa ya mwili tu. Simama nyuma ya bega la mgeni, upande ambao mkono wake hautakugonga, maana Wahispania na jamaa zao huongea na mikono. Kula kabla ya dhifa, kwa sababu kwenye dhifa mdomo wako una kazi nyingine. Weka kipande cha tangawizi mfukoni, koo likikauka utafune. Kamusi ya Kihispania na Kiswahili haikuwepo, kwa hiyo tulipitia Kiingereza kama mtu anayekwenda kwa jirani kwa kuzungukia mtaa wa tatu. Taipureta yetu haikuwa na ñ, ile herufi yenye kiwimbi juu. Viwimbi tuliviweka kwa kalamu, na ukikuta barua yangu ya zamani utaona vingine vimepanda mpaka mstari wa juu.

Nilimpenda Method na nilibishana naye kila siku. Nadhani alinipendea hilo, ingawa hakuwahi kukiri.

Miaka ya mwanzo ya sabini, vijiji vya Ujamaa vikiwa ndiyo habari ya kila redio, alikuja kutoka Kuba mpiga picha mmoja. Nitamwita Ramiro. Alikuwa mrefu, ndevu zimemjaa, mtoto wa wakulima wa tumbaku, na alikuja kupiga picha za vijiji kwa ajili ya maonyesho na machapisho ya huko kwao. Alifika ofisini akaomba kitu kidogo: tumwandikie kwenye karatasi maneno ya kila siku ya kazi yake, ili asimwite mkalimani kila anaponyanyua kamera.

Yalikuwa maneno ambayo mtoto wa kule anayajua kabla ya kujua kufunga viatu. *Mira aquí*: tazama hapa. *Mírame*: nitazame. *No mires a la cámara*: usitazame kamera. *Quédate así*: kaa hivyo hivyo. *Déjame ver*: hebu nione. *Una más*: moja tena. *Salió bien*: imetoka vizuri. *¿Puedo sacarte una foto?*: naweza kukupiga picha? Method aliyamaliza kabla chai haijapoa. Mimi nikaikataa karatasi.

"Kuna kosa gani?" aliuliza.

"Hakuna kosa. Ila kwetu milimani haya hayasemeki. Mgeni anamfikia bibi wa watu shambani, anamwambia 'nitazame'? Hata mimi niliyezaliwa pale siwezi."

"Unataka aseme nini?"

"Shikamoo kwanza. Halafu aombe."

"Yeye kwa Kihispania hakusema shikamoo, Rehema. Utakuwa umeongeza."

"Bila shikamoo sentensi haijaanza. Wewe ndiye utakuwa umepunguza."

Tulibishana mpaka ofisi ikafungwa. Mwishoni aliniruhusu shikamoo na kuninyima 'naomba'. Niliandika vyote viwili, kwa kalamu, baada ya yeye kwenda nyumbani.

Safari ya kupanda kutoka Mombo ilitumaliza. Kila kona Ramiro alitaka Landrova isimame apige picha, na dereva, ambaye alikuwa na mke Lushoto, alitaka kufika. Nilijifunza siku ile kwamba mkalimani akikaa kiti cha katikati hutukanwa na pande zote mbili na lazima atafsiri yote. Lushoto ilitupokea na ukungu wake. Ramiro hakuwa na sweta. Aliyemuuzia alimtazama urefu akamwambia hii ni ya kifua tu, mikono utaivumilia.

Mwenyeji wetu alikuwa afisa mmoja wa maendeleo. Jina lake nalibadilisha kwa kuwa watoto wake hawajanikosea. Nitamwita Ndugu Zuberi. Alikuwa kijana wa milima hii hii, mwenye bidii ya kweli, na sitaki mumwone kama jambazi. Aliamka mapema kuliko wote, alitembea kwa miguu hadi vijiji ambavyo wakubwa wake waliviona kwenye ramani, na aliamini alichokisema. Watu wa namna hiyo ndio wagumu kubishana nao.

Siku ya kwanza kijijini ilikuwa ya vichekesho. Ramiro alitaka watu kama walivyo, wenye udongo miguuni. Watu waliposikia kuna picha walirudi majumbani, wakatoka na kanzu zilizopigwa pasi, magauni ya kanisani, mwavuli, redio isiyo na betri na baiskeli ya jirani. Wakajipanga. Kwenye studio ya mjini Lushoto ndivyo ilivyokuwa: ulisimama wima, mikono ubavuni, uso kama unasikiliza hukumu, na ole wake mpiga picha atakayekukata miguu.

"Waambie wafanye kazi kama vile sipo," alisema Ramiro.

"Shikamooni wazee. Naomba mfanye kazi kama vile sipo."

Mzee mmoja mwenye mwavuli alimpima Ramiro kutoka ndevu hadi viatu. "Mtu mrefu hivi, tena yuko mbele yetu. Tutafanyaje kama hayupo?"

Ramiro akataka watabasamu. Nikamwambia mama mmoja aliyebeba mtoto, kwa heshima zote, naomba utabasamu. Akajibu, "Nimechekeshwa na nani?" Na mwenyewe Ramiro, aliyekariri karatasi yetu kwa bidii, akaanza kuwaamkia shikamoo watoto wa darasa la kwanza. Katoto kamoja kakanyoosha shingo kakamwitikia marahaba, bila hata kucheka, na hapo ndipo kijiji kizima kikacheka na Ramiro akapata picha zake nzuri za siku ile.

Jioni Ndugu Zuberi aliitisha mkutano. Alieleza kwamba bonde la chini ya kijiji litaunganishwa liwe shamba moja la mboga, shamba la wote. Wengi walikwisha kukubali, au walikuwa kimya, na kimya kilihesabiwa kuwa kukubali. Kesho yake wangesimama bondeni na majembe, mgeni awapige picha. Kisha akasema maneno ambayo niliyatafsiri neno kwa neno kwa Ramiro: "Atakayekuwa kwenye picha ametoa sehemu yake. Picha ni ushahidi. Hakuna mtu atakayekana uso wake mwenyewe."

Bila sehemu ya Bibi Mwanaidi, hata hivyo, mpango haukuwa na maana. Kipande chake kilikuwa juu, pale mfereji unapoingilia bondeni. Mumewe aliuchimba mfereji huo akiwa kijana, akafa akiuzibua. Maji yalipita kwake kwanza ndipo yakaenda kwa wengine, naye hakuwahi kumnyima mtu. Alilima kabichi na karoti pale, na ndicho kilichomlisha yeye na wajukuu aliobaki nao. Hakuwa na kipande kingine. Mkutanoni alikaa nyuma, hakusema kitu.

Asubuhi tuliwakuta watu wamejipanga chini na majembe yao. Yeye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kipande chake, jembe amelilaza pembeni. Zuberi akamwambia Ramiro kwa ishara aanze na huyu, kwa sababu ndiye mkubwa. Ramiro alishuka mpaka kwenye tope, mimi nyuma ya bega lake, akasema yale maneno ya kwenye karatasi kwa Kihispania, kwa sauti ya chini. Ninataka mjue kwamba alimwambia kwa namna wanayotumia kwa wakubwa. Hakuwa mtu mbaya.

"Shikamoo bibi," nilisema. "Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimtajia baba. Akatikisa kichwa, alimjua, ndiye aliyemtengenezea mlango. Ramiro akauliza tunasema nini, nikamwambia. Hapo ndipo bibi akauliza lile swali lake, kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu alisikie: picha hiyo ikifika huko kwao, itasema mimi nimesema nini?

Nililipeleka. Ramiro aliishusha kamera kidogo. "*No lo sé*," alisema.

"Sijui," nikasema.

"Basi mwambie sitaki."

Ndugu Zuberi aliingilia kati yetu akitabasamu, tabasamu la mtu anayeokota sahani kabla haijafika sakafuni. "Ndugu Mkalimani, mwambie mgeni kwamba bibi anaona haya. Wazee wa huku hawajazoea kamera. Ampige tu akiwa ameinama, haya itaisha."

Waliokuwa na majembe waliacha kuyaegemea. Ninakumbuka nilivyofikiri wakati ule, na sikufikiri juu ya haki wala Ujamaa. Nilifikiri juu ya Method na kidole chake begani kwangu: wewe hupo hapa. Basi kama sipo, nani atakayesema kwamba bibi ana haya?

"*No quiero*," nilimwambia Ramiro. "*No quiero foto.*"

Neno la 'no' halihitaji chuo. Zuberi alilielewa. "Umemwambia nini?"

"Alichosema bibi."

"Na mimi nimekuambia umwambie nini?"

"Kweli, Ndugu. Na hilo sijamwambia bado." Nikamgeukia Ramiro, nikasema kwa Kihispania, kwa nafsi ya kwanza kama nilivyofundishwa, kila kitu: ndugu mkalimani, mwambie mgeni kwamba bibi anaona haya, wazee wa huku hawajazoea kamera, ampige tu akiwa ameinama, haya itaisha. Nilihakikisha sikuacha hata koma.

Ramiro alimtazama Zuberi. Kisha akachukua kile kifuniko kidogo cheusi akaifunika kamera yake, akaniambia nimwambie bibi asante. Nikamwambia. Bibi Mwanaidi akaitikia kwa kichwa, akaokota jembe lake, akaanza kupalilia. Nilipokuwa napanda ukingo aliniita. "Mjukuu wangu, viatu hivyo vimekwisha. Nenda pale kwenye mfereji ukavioshe." Niliviosha. Vilikuwa vimekwisha kweli.

Zuberi alinisubiri kwenye Landrova. Hakufoka.

"Wewe umesomeshwa na jasho la wakulima hawa," alisema.

"Ndiyo. Na yule ni mkulima."

"Bonde lile lingelisha shule, na zahanati, na wajukuu wake mwenyewe."

"Huenda. Muombe."

"Nimemuomba tangu mwaka jana."

"Basi amekujibu tangu mwaka jana."

"Wewe ni mkalimani, binti. Si hakimu."

"Ndiyo maana sikuhukumu. Nimesema mlichosema nyote wawili."

Alipanda gari. Mchana ule simu ilipigwa kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam, na kabla wiki haijaisha mimi nilikuwa kwenye basi la kuteremka, na Method alikuwa kwenye basi la kupanda. Tulipishana Korogwe, kwenye stendi. Alikuwa amevaa koti zito, amenunua machungwa. Akanipa moja.

"Ungesema anaona haya, dunia isingeanguka," alisema.

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha kutafsiri. Kugombana ulikuja nako."

Sikuwahi kujuta, na kama mnasoma hapa mkitafuta mahali ninaposema nilikuwa kijana na sikuelewa, msisumbuke. Nilielewa. Nilitakiwa kumwekea mtu mzima kinywani maneno ambayo hakuyasema, ili anyang'anywe chakula chake kwa maneno hayo. Ningerudi kesho ningesema vile vile, na kwa Kihispania bora zaidi.

Bibi Mwanaidi alibaki na kipande chake. Picha haikupigwa, na bila yeye mfereji haukuwa wa kijiji, kwa hiyo mpango wa bonde lile uliahirishwa msimu ule, na mipango ya namna hiyo ikiahirishwa mara moja husahauliwa. Nilipokwenda likizo nilipita kumsalimia. Hakuwa mtu wa shukrani ndefu. Alinipa kabichi, akaniambia nimeota mvi mapema kwa sababu ya kuuliza uliza. Alikufa akiwa analima pale pale, na wajukuu wanalima hadi leo.

Mimi nilipewa kazi ya chini kabisa, kutafsiri vitabu vya matrekta. Miaka mingi nilikaa na vipuri. Naweza kuwaeleza kwa Kihispania kila kinachoweza kuvunjika ndani ya trekta, na kwa Kiswahili karibu vyote, maana vingine mafundi wenyewe walikuwa wanaviita 'kile kidude'. Sikulalamika. Trekta halina afisa wa kukuambia useme linaona haya. Baadaye wageni waliongezeka, wakalimani wakapungua, nikarudishwa kwenye vikao, kisha mikutano mikubwa yenye vibanda na vipokea sauti. Huko nako waliniambia mara kadhaa: hilo la mwisho usilitafsiri. Nilitafsiri, pamoja na 'hilo la mwisho usilitafsiri'. Walinichukia na wakaendelea kuniita, kwa sababu upande wa pili daima ulikuwa unaniulizia.

Method aliporudi kutoka Lushoto nilimuuliza ilikwendaje. "Vizuri," alisema. "Walituhamishia bonde la jirani. Hakuna aliyekataa." Nilimwamini, maana hakuwa mwongo, na sikumsikia akisema uongo hadi alipofariki. Mwaka uliofuata ikafika kalenda kutoka Kuba. Ramiro alitutumia kadhaa. Kwenye ukurasa wa mwezi mmojawapo alikuwepo mama wa makamo, jembe begani, bonde nyuma yake limejaa ukungu, kichwa amekiinua na mdomo wazi. Ilikuwa picha nzuri kupita zote. Chini yake waliandika maneno kwa Kihispania, na mkuu wa ofisi akanipa niyatafsiri ili yabandikwe: Mkulima wa Usambara akiimba katika shamba la wote.

"Alikuwa anaimba?" nilimuuliza Method.

"Nilikuwepo," alisema. "Sauti yake ilikuwa juu. Zuberi alituambia ni nyimbo za huko kwenu. Ramiro alifurahi sana."

Kalenda hiyo ilikaa ukutani ofisini miaka, mwezi wake ukiwa umekwisha pita zamani. Wageni waliisifu. Nilipostaafu hakuna aliyeitaka, nikaichukua, nikaitundika sebuleni kwangu hapa Lushoto, juu ya redio.

Mwaka jana mwanamke anayeniletea karoti, Mama Asha, aliingia ndani kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Tulikuwa tumeamkiana barazani miezi mingi. Alipoingia alisimama mbele ya ukuta na kikapu mkononi, hakukaa.

"Shangazi, hii umeipata wapi?"

"Ofisini. Unamjua?"

"Ni mama."

Nikamwekea kiti. Alikaa, akaniambia kwa Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani, bila uchungu mwingi, kama mtu anayeeleza ajali ya zamani. Yeye siku ile alikuwa msichana, alisimama karibu. Mama yake alijua Kiswahili, lakini siku hiyo alikataa kukitumia; alisema lugha ya kukubalishwa hataijibu. Aliongea Kishambaa tu. Afisa alikuwa anamgeukia baba mmoja mnene mwenye koti na kumweleza kwa Kiswahili, na baba yule anamweleza mgeni. Wengine wote pale walielewa mama anasema nini. Waliokuwa na kamera hawakuelewa. Bonde lao lilichukuliwa msimu ule, na familia ikahamia kwa mjomba, Bulwa, kuchuma chai ya watu.

Nilimuuliza kuhusu wimbo. Nilimwonyesha maandishi yangu mwenyewe, chini ya picha.

Mama Asha aliyasoma, akasogea karibu na picha, akautazama mdomo wa mama yake.

"Hakuwa anaimba," alisema. "Hapo anasema sitaki."